Skrini ya hali ya hewa sebuleni: inapozima, inapoganda na inapodanganya

Skrini iliyozima haimdhuru mtu. Unapita sebuleni, unaikuta giza, unajua kuna kasoro na unaanza kuitafuta. Yenye madhara ni ile inayowaka vizuri, namba zinang'aa mpaka kwenye korido, kumbe joto inaloonyesha ni la jana mchana na betri ya kihisi cha nje ilishakwisha. Mtu anaanika karafuu kwa kuiamini. Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi jiulize: skrini yangu imezima, imeganda, au inadanganya? Kila hali ina njia yake, na anayezichanganya hubadilisha vifaa vizima huku kibovu kikibaki pale pale.

Nitazungumzia aina mbili kwa pamoja. Kuna seti za dukani, zinazokuja na kihisi cha nje kisicho na waya na skrini ya mezani yenye taa ya nyuma. Na kuna za kujitengenezea, ambazo wengi wetu tunaziunda kwa bodi ya ESP8266 au ESP32, kihisi cha BME280 au DS18B20, na kwa upande wa mwanga ama LCD ndogo ya mistari miwili, ama moduli nne za nukta za LED zinazoendeshwa na chipu ya MAX7219, ama utepe wa taa za WS2812B. Vifaa vya kazi ni vichache: mita ya umeme, chaja ya simu ya ampea 2 unayoiamini, waya wa USB mfupi na mnene, na bisibisi ndogo.

Hakuna mwanga kabisa

Kwa seti ya dukani, hakikisha kwanza adapta imechomekwa. Nyingi zimeundwa hivi: zikitumia betri peke yake, taa ya nyuma huwaka sekunde chache tu unapogusa kitufe, kisha huzimika ili kulinda betri. Ili ikae muda wote inataka umeme wa ukutani. Kama namba zinasomeka ukimulika kwa tochi, skrini ni nzima, kilichokosekana ni umeme wa adapta. Ipime adapta kwa mita, na ikiwa haitoi kitu, nunua nyingine. Usiifungue. Ndani kuna umeme wa volti 230, na kapasita zake zinaweza kushika chaji hata baada ya kuichomoa. Unaponunua, linganisha volti na ampea, na utazame ule mchoro mdogo unaoonyesha kama chanya iko katikati ya plagi au nje yake. Chanya na hasi zikipishana, skrini inaweza kuungua palepale.

Kwa ya kujitengenezea, pima volti kwenye pini za skrini yenyewe, ikiwa imewashwa. Wengi hupima kwenye chaja, wanaona 5.1, wanaridhika. Waya mwembamba wa USB wenye urefu wa mita mbili unakula volti njiani, na hasara huongezeka kadiri taa zinavyovuta umeme zaidi. Mita ikisoma 5.1 kwenye chaja na 4.3 kwenye moduli, mbaya wako ni waya.

Taa ya nyuma inawaka, herufi hakuna

Hii ni LCD ya mistari miwili, na mara nyingi haijaharibika. Igeuze. Nyuma yake kuna bodi ndogo ya I2C (njia ya mawasiliano ya waya mbili) yenye kiboksi cha buluu, na juu ya kiboksi kuna skrubu ndogo. Hiyo hurekebisha ukolezo wa herufi. Skrini ikiwa imewashwa, zungusha skrubu taratibu huku ukitazama upande wa mbele. Mwanzo hakuna kitu, halafu miraba hafifu inachomoza, halafu inakolea mpaka inaziba kila kitu. Mahali pazuri ni pale miraba inapokaribia kupotea. Herufi zikijitokeza, kazi imekwisha.

Zisipojitokeza, na mstari wa juu ukajaa miraba mitupu huku wa chini hauna kitu, basi skrini ina umeme ila haijapokea maagizo yoyote. Angalia waya mbili za I2C, SDA na SCL, kama hazijapishana, kisha anwani, yaani namba ambayo programu huitumia kuita skrini. Bodi hizi ndogo kwa kawaida huja na anwani 0x27 au 0x3F, na programu iliyoandikiwa moja haiioni nyingine. Pakia programu fupi ya kusaka anwani za I2C na itakujibu mara moja.

Kwa wenye skrini za OLED, ambazo nukta zake huwaka zenyewe bila taa ya nyuma: kama maandishi yanasomeka lakini yamesogea nukta mbili na ukingoni kuna takataka ya nukta, umepewa chipu ya SH1106 wakati programu inadhani ni SSD1306. Badilisha jina la chipu kwenye programu, basi.

Inapepesa, inajiwasha upya, au nukta zinawaka hovyo

Tuanze na hesabu ya umeme. MAX7219 moja ikiwasha nukta zake zote 64 kwa mwangaza wa juu inaweza kuvuta karibu miliampea 330. Zidisha kwa nne, unapita ampea 1.3, ilhali tundu la USB 2.0 la kompyuta limepangiwa miliampea 500. Ndiyo maana skrini inatulia ikionyesha "27" peke yake, lakini ikifika kwenye maneno marefu yanayopita, bodi inazimika na kuanza upya. Jaribio lake ni rahisi: kati ya ngazi 16 za mwangaza, shusha hadi ya chini kabisa. Ikitulia, tatizo ni umeme. Zipe moduli volti 5 moja kwa moja kutoka kwenye chaja badala ya kupitia pini ya bodi, unganisha hasi zote pamoja, na weka kapasita ya mikrofaradi 1000 pale umeme unapoingilia. Nyumbani, kwa kutazama usiku, ngazi ya 2 au ya 3 inatosha kabisa, na chaja haipati joto.

Isipotulia, hamia kwenye ishara. Bodi ya ESP hutoa ishara ya volti 3.3, lakini MAX7219 na WS2812B zikilishwa volti 5 zinataka angalau 3.5 ili kukubali kwamba ishara ipo. Nyingi hufanya kazi hivyo hivyo, nje ya kipimo, mpaka siku utakaporefusha waya au kuhamishia skrini mahali pengine. Hapo nukta zinaanza kuruka na watu wanalaumu moduli. Weka chipu ya 74AHCT125 katikati ya bodi na skrini, na kwenye utepe ongeza rezista ya ohm 330 kwenye waya wa data. Mimi sitengenezi tena skrini ya ukutani bila chipu hiyo, maana bei yake ni ndogo na usumbufu inaouondoa ni mkubwa.

Kuna dalili tatu ambazo zina majibu ya haraka. Moduli nzima ikiwaka nukta zote na kukataa kuzimika, kelele ya umeme imeiingiza katika hali ya majaribio. Ipange programu itume upya maagizo ya mwanzo kila baada ya dakika chache. Maandishi yakitoka kama ya kwenye kioo cha kujitazamia, au kila moduli ikigeukia upande wake, chagua aina ya moduli ya FC16 kwenye maktaba ya programu, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa wa kuendesha moduli. Na utepe ukizima wote kuanzia taa fulani kwenda mbele, yenye kosa ni taa hiyo ya kwanza iliyozima au ile iliyo kabla yake, kwa sababu data hupita taa kwa taa.

Vistari mahali pa namba

Vistari ni uungwana wa skrini: inakiri kwamba haijasikia kitu. Lete kihisi cha nje ndani, umbali wa mita tatu hivi kutoka kwenye skrini. Namba zikirudi, shida ni umbali au kizuizi. Paa la bati, ukuta wa zege lenye nondo na tangi la maji hudhoofisha sana mawimbi ya redio, kwa hiyo hamishia skrini karibu na dirisha linaloelekea kihisi kilipo. Iepushe pia na chaja na taa za LED za bei ya chini. Nyingine hutoa kelele ya redio inayomeza ishara dhaifu.

Namba zisiporudi hata kwa karibu, fungua mahali pa betri. Betri za kuchaji hutoa volti 1.2 na za kawaida 1.5, na vihisi vingi vinaitaka hiyo 1.5. Pwani, kuanzia Tanga mpaka Lamu, utakuta pia springi zimeota ukungu wa kijani kwa hewa ya chumvi. Zisugue kwa siki kidogo na pamba, zipanguse, zikauke kabisa kabla ya kurudisha betri.

Halafu kuna jambo linalowapata wanaoletewa vifaa na ndugu walioko nje. Seti za Marekani hutumia masafa ya MHz 915 au 433, za Ulaya MHz 868 au 433. Ukinunua skrini kutoka Marekani na kihisi cha akiba kutoka Uingereza, vinaweza kuwa vya kampuni moja, umbo moja, rangi moja, na visisikilizane kamwe. Masafa yameandikwa kwenye kibandiko cha nyuma. Yasome kabla ya kulipa.

Namba zipo lakini hazisogei

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae. Joto la nje haliwezi kubaki 26.4 kutoka asubuhi hadi jioni. Ukiona namba moja muda mrefu hivyo, hata kama kila kitu kinawaka, hesabu kwamba skrini imekufa.

Chanzo kimoja ni namna data inavyosafiri. Wengi wetu tunapitisha vipimo kwa MQTT, njia ya kutumiana ujumbe mfupi kupitia seva, na tunamwagiza mtumaji ahifadhi ujumbe wa mwisho kwenye seva ili skrini ikiwashwa isikae tupu. Ni jambo zuri, ila kihisi kikifa seva inaendelea kutoa ujumbe ule ule. Umeme unakatika, unarudi, skrini inawaka, inachukua kipimo cha jana na kukionyesha kwa ujasiri wote. Dawa yake ni kutuma muda wa kupimwa pamoja na kipimo chenyewe. Skrini ilinganishe muda huo na saa yake, na zikipita zamu tatu za kutuma bila kipya, ifiche namba na kuweka vistari, au ishushe mwangaza mpaka hata mgeni atambue kuna kitu. Ujumbe wa wosia wa MQTT nao unasaidia: seva yenyewe hutangaza kwamba kihisi kimetoweka. Bado naupendelea umri wa kipimo, kwa sababu unakamata hata kihisi kilichounganishwa vizuri lakini kinachorudia namba iliyoganda.

Chanzo kingine huonekana umeme unaporudi. Bodi ndogo inawaka kwa sekunde chache, ruta inachukua dakika moja au mbili. Programu ikijaribu Wi-Fi mara chache na kukata tamaa, skrini itakaa hivyo hivyo mpaka mtu aichomoe. Iandike ijaribu bila kuchoka, kwa kupumzika kidogo kati ya majaribio. Na kama skrini inatafuta kihisi kwa namba ya mtandao kama 192.168.1.23, jua kwamba ruta ikiwashwa upya inaweza kukigawia kihisi namba nyingine. Ingia kwenye ruta ukakipangie namba ya kudumu. Umebadilisha ruta? ESP8266 inaona Wi-Fi ya GHz 2.4 tu, ruta mpya iliyowekwa GHz 5 peke yake kwake haipo.

Iwapo skrini hufanya kazi vizuri kwa wiki saba hivi kisha huganda bila sababu, chunguza hesabu ya muda ndani ya programu. Kaunta ya milisekunde ya bodi hizi hujaa na kuanza sifuri baada ya takriban siku 49.7. Programu inayouliza "je, sasa ni zaidi ya muda uliopangwa?" hukwama hapo. Inayotoa wakati wa mwisho kutoka kwenye wakati wa sasa, kisha kulinganisha tofauti, inapita salama.

Namba zisizowezekana

DS18B20 ikisema nyuzi 85, haijapima kitu. Hiyo ndiyo namba inayokuwa nayo inapowashwa, kabla ya kipimo cha kwanza. Ipe muda wa kupima na ukague umeme wake. Ikisema -127, maktaba inakuambia haikioni kihisi: waya umekatika, au ile rezista ya kiloohm 4.7 kati ya data na chanya haipo.

Unyevu ukikaa sifuri au ukikataa kabisa kutoka kwenye kihisi ulichonunua kama BME280, huenda umeuziwa BMP280, isiyopima unyevu. Kwa macho zinafanana sana. Soma kitambulisho cha chipu: 0x60 ni BME280, 0x58 ni BMP280. Irudishe dukani, hakuna programu itakayoiponya.

Joto la ndani likizidi hali halisi kwa nyuzi mbili au tatu, laumu mwanga. Taa ya nyuma na bodi ya Wi-Fi zinapasha kasha, na kihisi kilichomo humo kinapima joto la kasha. Kitoe nje ya kasha kwa waya wa sentimita 15, na kiwe chini ya skrini, kwa kuwa hewa ya moto hupanda. Joto la nje likiruka mchana na kuwa sahihi usiku, kihisi kinapigwa na jua moja kwa moja au na joto la ukuta.

Mgandamizo wa hewa, na alama ya wingu

Skrini ya Nairobi inasema hektopaskali 825, ya Mombasa 1012, na mwenye ya Nairobi anaona yake ni mbovu. Zote ni sahihi. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na karibu na usawa wa bahari mgandamizo hupungua hektopaskali 1 hivi kwa kila mita 8 unazopanda. Skrini nyingi zina vipimo viwili: halisi wa pale ulipo, na uliorekebishwa kana kwamba uko baharini. Ingiza mwinuko wako kwenye mipangilio, kisha linganisha ule uliorekebishwa na METAR, yaani ripoti ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege wa karibu. Msimbo wa uwanja kwa Dar es Salaam ni HTDA, Zanzibar HTZA, Nairobi HKJK. Tafuta Q ikifuatwa na tarakimu nne. Q1014 maana yake hektopaskali 1014.

Alama ya utabiri ni habari nyingine. Seti nyingi huchora jua, wingu au mvua kwa kutazama tu kama mgandamizo unapanda au unashuka, kanuni inayofaa nchi za mbali na ikweta, ambako mifumo ya mvua huja na mgandamizo unaoporomoka. Kwetu mgandamizo una mwendo wake wa kila siku: hufika juu karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, hushuka karibu saa kumi jioni na saa kumi alfajiri, kwa tofauti ya hektopaskali tatu au nne hivi. Skrini inaona mteremko wa mchana, inatangaza mvua kila alasiri hata Februari yenye jua kali. Hakuna cha kurekebisha hapo. Ficha alama hiyo kama mipangilio inaruhusu, na kwa utabiri sikiliza mamlaka ya hali ya hewa. Ukitaka mgandamizo ukusaidie, linganisha wa sasa na wa jana saa ile ile.

Saa na mvua ya siku

Saa ikiwa nyuma kwa saa tatu, skrini inatumia saa ya kimataifa na haijaambiwa ulipo. Kwenye ESP weka ukanda wa saa wa "EAT-3", EAT ikiwa saa za Afrika Mashariki. Ndiyo, kutoa tatu, ingawa tuko mbele. Kanuni ya maandishi hayo imegeuza alama. Ukiandika "EAT+3" saa itarudi nyuma kwa saa sita, na kosa hilo linaweza kukaa miezi bila mtu kulishtukia: saa nane mchana skrini inaandika 08:00, na kila aliyemo ndani anaona iko sawa. Utalitambua kwenye tarehe, inayobadilika saa kumi na mbili asubuhi badala ya usiku wa manane, na jumla ya mvua ya siku nayo inafutika alfajiri hiyo.

Mvua ikinyesha na skrini ikabaki 0.0, panda ukafungue kipimamvua. Ndani kuna kijiko chenye pande mbili kinachopinduka kila kikijaa, na mara nyingi utakuta utando wa buibui umekishika, au majani na kinyesi cha ndege vimeziba tundu la juu. Safisha kwa brashi laini, kipindue kwa kidole mara kadhaa, na mtu wa ndani akutajie kama namba inapanda. Inapopanda kwa kidole lakini si kwa mvua, kipimamvua kimeinama. Kisawazishe kwa pimamaji. Na kama jumla yako haiafikiani na iliyotangazwa na kituo cha serikali cha jirani, kumbuka kwamba vituo hivyo huhesabu siku ya mvua kutoka saa tatu asubuhi hadi saa tatu asubuhi ya kesho yake, na skrini yako kutoka usiku wa manane. Mvua ya saa nane usiku inaweza kuangukia siku tofauti katika daftari hizo mbili, kwa hiyo linganisha jumla ya wiki au ya mwezi.